Jino la Mzee Haliumi Mapema: Yanayowazuia Wazee Kufika kwa Daktari wa Meno

Chukua mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 72 anayeishi nje kidogo ya Bamba, katika kaunti ndogo ya Ganze. Kliniki yake ya presha haikosi. Dawa zake anazijua kwa rangi na kwa saa, na wajukuu wanaoishi naye wamezoea kumletea maji ya kuzimezea kabla hajayaitisha. Lakini mtu akimuuliza ni lini mara ya mwisho alipoonwa na daktari wa meno, bibi huyo atacheka kwanza, kisha atajibu kwa swali: "Kwani nimesema jino linaniuma?"

Bibi huyo ni wa kielelezo tu, lakini jibu lake lingeweza kutolewa na wazee wengi kuanzia Rabai hadi Magarini. Wazee hao hawapuuzi afya yao. Wanakwenda kupimwa sukari, wanakwenda kuangaliwa macho, na wakipata homa wanafika zahanati. Ni kinywa peke yake kinachosubiri hadi kiume.

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 260, inamhesabu kuwa mzee mtu yeyote aliyepita umri wa miaka 60. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wa rika hilo walikuwa takriban milioni 2.7. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa mwaka 2015 nao ulibaini kwamba zaidi ya thuluthi moja ya watu wazima waliochunguzwa, yaani asilimia 34.3, walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 98 walikuwa na fizi zinazotoka damu. Kwa maneno mengine, mtu mzima ambaye kinywa chake hakihitaji kuangaliwa kabisa ni nadra kumpata. Ni kwa nini basi kiti cha daktari wa meno hakiwaoni wazee mpaka mambo yaharibike?

Maumivu huchelewa

Jibu la kwanza limo ndani ya jino lenyewe, na ni jambo ambalo watu wengi hawajawahi kuelezwa. Katikati ya jino kuna uwazi wenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo inayomfanya kijana aruke kitini akinywa maji baridi. Kadiri miaka inavyosonga, jino hujijenga kutoka ndani na uwazi ule huwa mwembamba. Mishipa ya fahamu nayo hupungua. Jino la mtu wa miaka 70 linaweza kuoza kwa kina kirefu bila kumsumbua mwenyewe usiku hata mmoja.

Wakati huohuo fizi hushuka na kuacha mizizi wazi. Mzizi hauna ile gamba ngumu nyeupe inayolinda sehemu ya juu ya jino, kwa hiyo huoza haraka zaidi, na mara nyingi huozea pembeni, mahali ambapo kioo cha nyumbani hakifiki. Ugonjwa wa fizi ni mkimya zaidi. Unakula mfupa unaoshikilia meno taratibu, kwa miaka mingi, na dalili yake kubwa ni damu kidogo kwenye mswaki. Wengi huiona damu hiyo wakadhani wamepiga mswaki kwa nguvu. Jino likianza kucheza, husemwa kwamba ni uzee.

Hapo ndipo kosa linapotokea. Mzee anayengoja maumivu anatumia kipimo kilichomfaa alipokuwa na miaka 25. Kipimo hicho kimechakaa pamoja na meno. Maumivu yanapofika hatimaye, mara nyingi huja na usaha na uvimbe wa shavu, na wakati huo jino ambalo lingezibwa halina budi kung'olewa.

Mambo matatu ya Andersen

Mwaka 1968, mtafiti wa Kimarekani Ronald Andersen alitoa maelezo ambayo hadi leo yanatumiwa na wataalamu wa afya duniani kote wanapotaka kujua kwa nini watu fulani huenda hospitalini na wengine hawaendi. Aliyagawa mambo katika mafungu matatu. La kwanza ni jinsi mtu alivyo kabla hata hajaugua: umri wake, jinsia, elimu, na yale anayoyaamini kuhusu maradhi. La pili ni uwezo wa kufika, yaani pesa, bima, usafiri, na kama huduma yenyewe ipo karibu. La tatu ni haja: je, mtu anahisi kwamba anahitaji tiba, na je, mtaalamu akimwangalia ataona vivyo hivyo?

Kwa magonjwa mengi, haja inayohisiwa na mgonjwa na haja inayoonwa na daktari hukaribiana. Mtu aliyevunjika mguu hahitaji kushawishiwa. Katika kinywa cha mzee haja hizi mbili hutengana mno, na pengo hilo ndilo linaloamua mengi. Tafiti kutoka nchi mbalimbali zinakubaliana juu ya jambo moja linaloshangaza kidogo: miongoni mwa wazee, kitu kinachotabiri vizuri kama mtu atakwenda kwa daktari wa meno ni kama bado ana meno. Aliyebaki na meno mengi huenda mara nyingi zaidi. Aliyeyapoteza huacha kwenda kabisa, kwa kuamini kwamba daktari wa meno ni wa wenye meno.

Imani hiyo ni ya kueleweka, lakini si sahihi. Fizi zisizo na meno huendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka, na meno bandia yaliyomkaa mtu vizuri alipotengenezewa huanza kulegea na kumkwaruza. Kidonda kikitokea chini yake, mzee huyavua na kuyaweka kabatini. Zaidi ya hayo, daktari wa meno haangalii meno tu. Huangalia ulimi, sakafu ya kinywa, mashavu kwa ndani na koo, akitafuta madoa meupe au mekundu na vidonda visivyopona. Saratani ya kinywa huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 50, na hatari huongezeka kwa mtu anayevuta sigara, anayetafuna tumbaku au kuweka ugoro mdomoni, na zaidi akichanganya na pombe. Kidonda chochote cha mdomo ambacho hakijapona baada ya majuma mawili kinafaa kuangaliwa, hata kama hakiumi. Saratani ya kinywa inapoanza, mara nyingi haiumi pia.

Waliozaliwa kabla ya madaktari

Mtu mwenye miaka 72 leo alizaliwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Mtu huyo alikuwa tayari na miaka 20 hivi, pengine ana mtoto, kabla Kenya haijawa na mahali pa kumsomesha daktari wa meno wake yenyewe. Waliokuwepo walikuwa wachache, wamesomea ng'ambo, na wengi wao walikuwa mijini.

Katika utoto wa kizazi hicho, jino lililouma lilikuwa na tiba moja. Liling'olewa, wakati mwingine na fundi wa kijijini bila ganzi, mgonjwa akishikwa mabega. Katika baadhi ya jamii nchini, kung'oa meno ya mbele ya chini kulikuwa pia desturi ya kumpitisha kijana katika utu uzima, kama ilivyokuwa kwa Waluo. Mzee wa namna hiyo anaposikia neno "daktari wa meno", linalomjia akilini ni koleo. Hajawahi kuona mtu akienda kusafishwa ukoga, kuzibwa tundu dogo, au kuangaliwa tu na kurudi nyumbani. Kumwambia "nenda ukaangaliwe" bila kumweleza kinachofanyika huko ni kumwambia aende akateswe.

Hofu hiyo imelelewa na hadithi nyingi. Wapo wanaoamini kwamba jino la juu likingolewa jicho la upande huo hupoteza nguvu. Si kweli: neva za meno ya juu na neva ya kuonea ni tofauti, na hakuna jicho linalopofuka kwa sababu jino bovu limetolewa ipasavyo. Wapo pia wanaosema kusafishwa meno hospitalini hulegeza meno. Hili lina chanzo chake. Ukoga ulioganda kwa miaka huwa kama saruji kati ya meno. Ukiondolewa, mtu huhisi mianya ambayo hakuwa akiihisi. Jino lilikuwa limelegea tangu zamani kwa kuliwa mfupa. Ukoga ulikuwa unaficha tu.

Haifai kuwacheka wazee kwa hadithi hizi. Mtu aliyewahi kung'olewa jino bila sindano ya ganzi ana sababu yake ya kuogopa, na anastahili kuambiwa waziwazi, kabla hajaondoka nyumbani, kwamba sindano hiyo itakuwepo na kwamba anaweza kuinua mkono wakati wowote akisikia maumivu.

Pesa, barabara na mtu wa kwenda naye

Huduma ya meno kwa kawaida haipatikani katika zahanati ya kijijini. Humu Kilifi, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko mjini Kilifi na ile ya Malindi ni miongoni mwa zenye vitengo vya meno. Kwa mkazi wa Mnarani au Shella safari hiyo ni fupi. Kwa bibi wa Bamba ni shughuli ya siku nzima: bodaboda hadi stendi, kisha matatu, foleni, na kurudi jua likiwa limeelekea magharibi. Wataalamu wa meno nchini nao hawajagawanyika sawa. Wengi wao hufanya kazi Nairobi na katika miji mikubwa.

Nauli yenyewe ni kikwazo, na huwa ni nauli mara mbili, kwa sababu mzee wa umri huo hasafiri peke yake. Ruzuku ya Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Katika nyumba nyingi fedha hizo si za mzee peke yake. Humo hutoka unga, sare ya shule ya mjukuu, na mafuta ya taa. Safari ya meno yasiyouma haiwezi kushindana na vitu hivyo, na si haki kumlaumu bibi kwa kuchagua unga.

Kuhusu bima, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili haulipiwi na unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa kwa aliyesajiliwa, ilhali kwa matibabu ya hospitali kubwa inambidi mtu awe amelipa michango yake. Kwa huduma za meno, familia inashauriwa kufika kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya kuingia kwa daktari, na kuuliza ni lipi linalolipiwa na lipi litakalotoka mfukoni. Kushtukizwa na bili mara moja kunatosha kumfanya mzee asirudi tena.

Suala la pesa si la nchi maskini peke yake. Nchini Marekani, mpango wa bima ya wazee unaoitwa Medicare ulioanzishwa mwaka 1965 haukuweka ndani yake huduma za kawaida za meno, na hadi leo Wamarekani wengi hupoteza bima ya meno siku wanapostaafu. Hata hivyo karibu thuluthi mbili ya waliopita miaka 65 huko huonwa na daktari wa meno kila mwaka. Wanaobaki nje ni hasa wenye kipato kidogo, wenye elimu ndogo, walemavu, na wale wasio na meno. Orodha hiyo ingeweza kuandikwa Kilifi bila kubadilishwa neno.

Kipengele kinachosahaulika ni mtu wa kuandamana naye. Mzee anayeishi na mwenza au na mtoto mwenye shughuli zisizombana huenda hospitalini mara nyingi zaidi kuliko anayeishi peke yake au aliyebaki na wajukuu wadogo. Wanawake kwa jumla huenda kuliko wanaume, lakini bibi anayelea wajukuu anajikuta hana wa kumwachia. Wazee wa kiume wana shida nyingine. Wengi wao huona kulalamikia jino ni udhaifu, na wale wanaotafuna miraa au muguka pamoja na peremende na soda, au wanaotumia ugoro, hupata uharibifu mkubwa huku ganzi ya mazoea ikiwafanya wasiuhisi.

Wengine hawatembei vizuri, hawasikii vizuri, au wameanza kusahau. Kwao uamuzi wa kwenda haumo mikononi mwao. Umo mikononi mwa binti, mkaza mwana au mjukuu, na ikiwa huyo haangalii ndani ya kinywa cha mzee, hakuna atakayeangalia. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataja haki ya mzee kupata matunzo na usaidizi wa kiasi kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali, na familia ndiyo iliyotajwa kwanza.

Linalopotea

Ni rahisi kudhani kwamba mzee akikosa meno anakosa tu urembo wa kucheka. Kwanza hukosa chakula. Bila magego, mtu huacha nyama, huacha mahindi ya kuchoma, huacha matunda magumu, na polepole hubakia na uji, sima laini, mahamri yaliyochovywa kwenye chai ya sukari. Kuna wazee Kilifi wenye mikorosho shambani ambao hawawezi kutafuna korosho moja. Chakula laini chenye sukari nyingi humwongezea sukari aliye na kisukari na humpunguzia nguvu aliye dhaifu.

Kisukari na ugonjwa wa fizi hupokezana. Sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye maambukizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Tafiti zimeonyesha kwamba kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari hushusha wastani wa sukari yake kwa kiasi fulani. Kwa hiyo mtu anayemeza dawa kila siku na bado vipimo vyake havishuki ana sababu nzuri ya kumwonyesha mtaalamu fizi zake.

Kwa wazee walio dhaifu sana, vijidudu vya kinywa huweza kuteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia. Utafiti mmoja uliofanywa Japani kwa watu wa miaka 85 na zaidi uligundua kwamba waliolala na meno bandia mdomoni walikuwa na hatari ya nimonia iliyozidi mara mbili ya wale walioyavua. Hili halihitaji daktari wala nauli. Meno bandia huvuliwa usiku, husuguliwa kwa brashi na sabuni ya kawaida, na hulazwa kwenye maji safi. Maji ya moto huyapinda, na dawa ya kufulia nguo huyaharibu.

Japani inastahili kutajwa kwa jambo lingine. Mwaka 1989 nchi hiyo ilianzisha kampeni yenye lengo moja ambalo hata mtoto angeweza kulikumbuka: ukifika miaka 80, uwe bado na meno yako 20. Wakati huo waliofikia lengo hilo walikuwa chini ya mmoja katika kumi. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wamepita nusu. Walichofanya ni kuhamisha safari ya kwenda kwa daktari wa meno kutoka siku ya maumivu hadi siku ya kawaida, na kuanza kufanya hivyo miaka mingi kabla ya uzee.

Kinachoweza kufanywa nyumbani na kijijini

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi nchini Septemba 2023, huingia katika nyumba ambazo daktari wa meno hatazifikia kamwe. Katika ziara hizo, swali la "una maumivu ya jino?" halisaidii sana, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Yafaa kuuliza kwa njia nyingine. Je, kuna chakula ulichokuwa ukikipenda ambacho umeacha kukila? Unatafunia upande mmoja? Mate yako yako vipi usiku? Una kidonda mdomoni ambacho kimekaa? Mzee anayesema ameacha mahindi kwa sababu "hayana ladha siku hizi" pengine anaeleza habari za magego yake.

Swali la mate si la kupitisha wakati. Dawa kadhaa za presha, za kuongeza mkojo, za mzio na za msongo wa mawazo hukausha kinywa, na kinywa kikavu huoza haraka. Mzee asiache dawa hizo. Anachotakiwa ni kunywa maji mara kwa mara, kupunguza sukari kwenye chai na kahawa, kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na kumweleza daktari. Aliyezoea mswaki wa mti anaweza kuendelea nao, mradi asisugue fizi hadi zichubuke, na aongeze dawa ya floraidi angalau usiku.

Kuna jambo moja ambalo limewarudisha wazee wengi nyumbani wakiwa hawajahudumiwa. Kabla ya kung'oa jino, presha hupimwa. Ikiwa imefika 180 kwa 110 au zaidi, kwa kawaida jino haling'olewi siku hiyo, isipokuwa kwa dharura, na mgonjwa huagizwa kwanza kuishusha. Mzee aliyeondoka alfajiri bila kumeza dawa yake, tena bila kula kwa kudhani anakwenda kufanyiwa upasuaji, hufika presha imepanda na sukari imeshuka. Kwa kung'oa jino kwa ganzi ya kawaida hakuna haja ya kufunga. Ale, na ameze dawa zake za asubuhi kama siku zote. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe; amwambie daktari wa meno mapema, ambaye ataagiza kipimo cha damu kabla ya kufanya lolote. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa au aliyetibiwa saratani kwa mionzi ya kichwa au shingo.

Kwa nauli, familia nyingi zinaweza kuunganisha safari mbili kuwa moja. Mzee aliyepewa rufaa kwenda hospitali kubwa kwa sababu ya presha, macho au kisukari anaweza kuonwa na kitengo cha meno siku hiyohiyo, mradi mtu apige simu au aulize mapema kitengo hicho huwapokea wagonjwa siku gani na hadi saa ngapi. Vitengo vingi hutoa nambari asubuhi na zikiisha huisha.

Siku yenyewe, mzee abebe kitambulisho, kadi zake zote za kliniki, na dawa zake zikiwa ndani ya pakiti zake, si zimemiminwa kwenye mfuko mmoja. Kama ana meno bandia ayabebe pia, hata kama yamevunjika au amekaa nayo kabatini miaka mitano, kwa sababu mara nyingine hurekebishika. Na anayeandamana naye aketi mahali ambapo bibi atamwona usoni kutoka kwenye kiti kile.